Saratani ya kibofu Nyanda za Juu Kusini: Damu kwenye mkojo ni wito wa kupimwa, si wa kusubiri

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Damu inayoonekana kwenye mkojo mara moja, bila maumivu yoyote, kisha ikatoweka yenyewe baada ya siku mbili, ni dalili ambayo wananchi wengi huipa majina mengine. Mkulima wa mpunga huiita kichocho. Mwanamume aliyevuka miaka 50 huihusisha na tezi dume. Mwanamke hudhani kuwa mzunguko wake wa hedhi umebadilika. Mara nyingi chanzo huwa ni ugonjwa unaotibika kwa urahisi. Kwa baadhi ya watu, hata hivyo, damu hiyo ndiyo taarifa ya kwanza, na kwa miezi mingi ndiyo taarifa pekee, kwamba saratani imeanza kuota ndani ya kibofu cha mkojo.

Suala hili lina uzito wa pekee katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,343,754 mkoani Mbeya na 1,192,728 mkoani Iringa. Wengi wao wanaishi kwa kilimo, na sehemu ya kilimo hicho hufanyika ndani ya maji: mpunga wa Mbarali katika Bonde la Usangu, mpunga wa Kyela kando ya Ziwa Nyasa, na mashamba ya umwagiliaji ya Pawaga mkoani Iringa. Maji yanayotuama au kwenda taratibu ni makazi ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Aidha, uvutaji wa tumbaku upo mijini na vijijini. Kichocho cha mkojo na moshi wa tumbaku ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya kibofu vinavyofahamika kitaalamu.

Swali la msingi kwa mwananchi na kwa mfumo wa afya ni moja: mgonjwa mwenye aina hatari ya saratani hii anafika lini mbele ya daktari mwenye kamera ya kuchungulia kibofu? Jibu la swali hilo, kuliko jambo jingine lolote, ndilo huamua kama atapona, atapoteza kibofu, au atapoteza maisha.

Visababishi viwili, ugonjwa mmoja

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaonesha kuwa watu wapatao 614,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya kibofu katika mwaka huo, na wapatao 220,000 walifariki dunia. Katika nchi nyingi wagonjwa wengi ni wanaume, na kisababishi kikuu ni uvutaji wa sigara. Sumu za moshi huingia kwenye damu kupitia mapafu, huchujwa na figo, kisha hukaa ndani ya mkojo kwa saa nyingi zikigusa utando wa kibofu. Kwa mvutaji wa miaka 20 au 30, utando huo umeoshwa na sumu hizo kila siku.

Kichocho cha mkojo hufanya kazi kwa njia nyingine. Kimelea huingia mwilini kupitia ngozi ya mtu aliye ndani ya maji. Minyoo ikikomaa, jike hutaga mayai, na baadhi ya mayai hayo hunasa kwenye ukuta wa kibofu. Mwili huyashambulia, kidonda hutokea, hupona na kuacha kovu, kisha kidonda kipya hutokea. Mzunguko huo ukiendelea kwa miaka mingi, chembe za utando hubadilika tabia. Uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu ulielezwa na daktari A. R. Ferguson nchini Misri mwaka 1911, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikiweka kimelea hicho katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Ushahidi wa Tanzania upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, ulipitia kumbukumbu za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kutoka Kanda ya Ziwa. Karibu nusu yao walikutwa na mayai ya kichocho kwenye nyama iliyopimwa. Zaidi ya nusu walikuwa na aina ya saratani inayoambatana na kichocho, tofauti na ile ya wavutaji sigara. Wastani wa umri ulikuwa miaka 54, na wanawake walikuwa wengi sawa na wanaume.

Matokeo hayo yanahusu Kanda ya Ziwa na hayawezi kuhamishiwa Nyanda za Juu Kusini kama yalivyo. Hata hivyo, yanatoa tahadhari mbili kwa Mbeya na Iringa. Kwanza, dhana kwamba saratani ya kibofu ni ugonjwa wa wazee wa kiume haifai kutumika mahali ambapo wanawake huingia majini kupanda na kupalilia mpunga. Pili, mtu aliyewahi kutibiwa kichocho utotoni asichukulie kuwa damu anayoiona akiwa na miaka 45 ni ugonjwa uleule uliorudi.

Maana ya hatari kubwa

Si kila saratani ya kibofu ina ukali sawa. Wataalamu huzigawa kwa kuangalia mambo mawili: kina ambacho uvimbe umefikia katika ukuta wa kibofu, na jinsi chembe zake zinavyoonekana chini ya hadubini.

Uvimbe ulio juu ya utando, wenye chembe zinazokaribia kufanana na za kawaida, huhesabiwa kuwa na hatari ndogo. Unaweza kuota tena baada ya kuondolewa, lakini ni nadra kuua. Uvimbe wenye chembe kali, au ulioanza kupenya tabaka lililo chini ya utando, au ule ulioenea bapa juu ya utando bila kuchomoza, huwekwa katika kundi la hatari kubwa hata kama bado haujafika kwenye msuli. Aina hiyo bapa ni ya hila zaidi, kwa kuwa inaweza isionekane katika picha ya altrasaundi. Ukiachwa bila tiba, uvimbe wa kundi hili una uwezekano mkubwa wa kuingia kwenye msuli wa kibofu.

Mpaka huo wa msuli ndio unaobadilisha kila kitu. Kabla haujavukwa, lengo la tiba ni kuua saratani na kukibakiza kibofu. Ukishavukwa, kibofu chenyewe kinaweza kulazimika kuondolewa. Msemo wa wahenga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta unaelezea vyema ugonjwa huu, isipokuwa kwamba ukuta huu ukishabomoka si rahisi kuujenga upya.

Tiba ilivyo na matokeo yake

Hatua ya kwanza ni kuchungulia kibofu kwa kamera nyembamba inayopitishwa katika njia ya mkojo. Uvimbe ukionekana, daktari bingwa wa mfumo wa mkojo huukwangua kupitia njia hiyohiyo, bila kupasua tumbo, na nyama hupelekwa maabara ya patholojia. Kwa uvimbe wa hatari kubwa, miongozo ya kimataifa huelekeza kurudia ukwanguaji ndani ya wiki 2 hadi 6, kwa sababu mara nyingi mabaki hukutwa mahali palepale, na wakati mwingine hugundulika kuwa ugonjwa ulikuwa umeingia ndani zaidi ya ilivyodhaniwa.

Baada ya hapo hufuata tiba ya kuweka dawa ndani ya kibofu. Dawa inayopendekezwa zaidi kwa kundi hili ni BCG, ileile inayojulikana kwa kuwachanja watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu, ingawa kipimo na njia ya kuitoa ni tofauti. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales wa Kanada alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa saratani ya kibofu, na tangu hapo imebaki kuwa msingi wa tiba. BCG huamsha kinga ya mwili ndani ya kibofu ili ishambulie chembe za saratani. Chanjo ambayo mtu aliipata utotoni haimkingi na saratani hii.

Ratiba kamili inadai uvumilivu: dozi moja kila wiki kwa wiki 6, kisha mizunguko ya dozi 3 kwa vipindi hadi kufikia miaka 3. Jumla ni dozi 27. Kwa wagonjwa wenye ule ugonjwa bapa, takribani 7 kati ya 10 hupata nafuu kamili mwanzoni. Wapo ambao haiwasaidii, na kwao kuondoa kibofu mapema huwa ndiyo njia salama. Kwa kuwa BCG ina bakteria hai waliodhoofishwa, mgonjwa mwenye kinga dhaifu hufanyiwa tathmini ya kitaalamu kabla ya kuanza. Jambo hili lina maana katika kanda ambayo, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023, kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kilikuwa asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya.

Saratani ikishaingia kwenye msuli, tiba ya kawaida ni upasuaji mkubwa wa kuondoa kibofu, ukitanguliwa na dawa za tibakemia zenye sisplatini kwa mgonjwa anayezimudu. Njia nyingine kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini ni kukwangua uvimbe wote unaoonekana, kisha kuunganisha tiba ya mionzi na tibakemia, na hivyo kukibakiza kibofu. Kwa jumla, takribani nusu ya wanaotibiwa katika hatua hii huwa hai baada ya miaka 5. Wasiotibiwa, wengi hawamalizi miaka 2. Tafiti zimeonesha pia kuwa kuchelewesha upasuaji zaidi ya wiki 12 tangu ugonjwa ugundulike hupunguza uwezekano wa kupona.

Kuchelewa kuna gharama nyingine isiyoonekana haraka. Uvimbe unapokua huweza kuziba mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Figo hujaa, kisha hushindwa kufanya kazi. Mgonjwa huyo anapofika hospitali, figo zake haziwezi tena kuhimili sisplatini. Hivyo basi, miezi aliyokaa nyumbani haikuukuza uvimbe tu, bali ilimwondolea pia dawa ambayo ingemsaidia.

Kwa saratani inayotokana na kichocho hali ni ngumu zaidi. BCG si tiba yake, tibakemia huisaidia kwa kiasi kidogo, na wagonjwa wengi hugundulika ikiwa tayari imeingia kwenye msuli. Upasuaji ndio hubaki kuwa tegemeo kuu. Kwa aina hii, kinga ina thamani kuliko tiba yoyote.

Umbali kama sehemu ya ugonjwa

Chukulia mfano wa mkulima wa Mbeya mwenye uvimbe wa hatari kubwa. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road, ni zaidi ya kilomita 800. Kama kila dozi ya wiki 6 za mwanzo ingemlazimu kusafiri hadi huko na kurudi, angekwenda zaidi ya kilomita 9,600 kabla ya kufika hata mzunguko wa pili wa dawa. Mgonjwa wa Iringa, aliye umbali wa takribani kilomita 500, angekwenda kilomita 6,000. Nauli, malazi na siku za shamba zilizopotea zinaweza kumshinda mgonjwa ambaye dawa zenyewe zingemponya.

Ndiyo maana hatua za Serikali za kusogeza huduma za kibingwa karibu na wananchi zina maana ya moja kwa moja kwa ugonjwa huu. Mashine za CT Scan zimesimikwa katika hospitali za rufaa za mikoa, hivyo picha inayoonesha kina na mtawanyiko wa saratani haihitaji tena safari ya Dar es Salaam. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo kilele cha rufaa kwa Nyanda za Juu Kusini. Kuanzia mwaka 2024, kambi za madaktari bingwa zilizopewa jina la Rais Samia zimekuwa zikiwafikisha wataalamu, wakiwemo wa upasuaji, katika hospitali za halmashauri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imeweka pia utaratibu wa mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo.

Hata hivyo, mashine na sheria hazimfuati mgonjwa nyumbani. Saratani ya kibofu ya hatari kubwa ina tabia ya kurudi, na miongozo huelekeza kibofu kichunguliwe kwa kamera kila baada ya miezi 3 katika miaka 2 ya mwanzo, kisha kila baada ya miezi 6 hadi mwaka wa 5, na baadaye mara moja kwa mwaka. Ni vipimo 14 katika miaka 5. Mgonjwa anayejisikia vizuri, asiyeona damu tena, ana kila sababu ya kuiacha ratiba hiyo, na hapo ndipo faida ya tiba yote iliyotangulia hupotea.

Katika hili, Mbeya na Iringa zina uzoefu wao wenyewe. Tangu dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa bila malipo nchini mwaka 2004, kliniki za tiba na matunzo zimejenga utaratibu wa kumfuatilia mgonjwa kwa miaka mingi: kadi ya miadi, rejista, simu kwa aliyekosa siku yake, na mhudumu wa jamii anayemfuata kijijini. Utaratibu wa namna hiyo ukitumiwa kwa mgonjwa aliyekwanguliwa uvimbe wa kibofu, hautahitaji teknolojia mpya. Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa Januari 2024, wanaweza kuwa kiungo kati ya kitongoji na kliniki ya hospitali ya rufaa.

Kinga huanzia majini

Misri inatoa funzo linalofaa kusomwa. Kwa miongo mingi saratani ya kibofu itokanayo na kichocho ilikuwa miongoni mwa saratani zilizoongoza nchini humo. Baada ya kampeni za kitaifa za kutibu kichocho kwa dawa ya prazikwanteli kushika kasi, sehemu ya wagonjwa wa aina hiyo ilipungua sana kati ya miaka ya 1980 na 2000. Karibu zaidi, Unguja na Pemba zimeshusha kwa kiasi kikubwa maambukizi ya kichocho cha mkojo kwa kugawa dawa mara kwa mara pamoja na elimu na udhibiti wa konokono.

Tanzania Bara hutoa prazikwanteli kwa wanafunzi kupitia Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yasiyopewa Kipaumbele. Mzazi anayemruhusu mtoto kumeza dawa hiyo leo anamkinga na saratani ya miaka 30 au 40 ijayo. Mwaka 2022 WHO ilipanua mwongozo wake, ikapendekeza kuwa katika jamii zenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka 2, wakiwemo watu wazima. Kwa maeneo ya mpunga pendekezo hilo ni la msingi, kwa kuwa anayeshinda majini msimu mzima ni mkulima mtu mzima, ambaye kampeni ya shuleni haimfikii.

Kuhusu tumbaku, ni vyema ukweli ukaeleweka. Chunya ni miongoni mwa wilaya zinazolima zao hilo, na lina nafasi yake katika kipato cha kaya. Hatari ya saratani ya kibofu iko zaidi kwenye uvutaji. Kuacha kuvuta hupunguza hatari hiyo hatua kwa hatua, na kwa mgonjwa ambaye tayari ametibiwa hupunguza uwezekano wa uvimbe kurudi.

Wajibu wa mwananchi na wa kituo

Mwananchi mwenye miaka 35 au zaidi anayeona damu kwenye mkojo, hata mara moja, anapaswa kwenda kituo cha afya na kupima mkojo, bila kusubiri maumivu. Kukoma kwa damu si uthibitisho wa kupona. Akipewa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo au za kichocho, arudi kupimwa tena baada ya kuzimaliza. Damu ikiendelea kuonekana, kwa macho au kwa kipimo, anayo haki ya kuomba rufaa. Mwanamke aeleze waziwazi kama damu inatoka wakati wa haja ndogo, ili isichanganywe na matatizo ya uzazi.

Kwa upande wa zahanati na vituo vya afya, kumpa mgonjwa dawa kwa mara ya tatu kwa dalili ileile bila kumpeleka hospitali ya juu ni kumpotezea muda ambao saratani haimrudishii. Rufaa ya mapema kwenda hospitali ya mkoa, na kutoka hapo kwenda kanda, ni sehemu ya tiba.

Hofu ya upasuaji nayo isiwe kizuizi. Wapo wanaokimbia hospitali kwa kuogopa kuishi na mfuko wa mkojo tumboni au kupoteza nguvu za kiume. Hofu hiyo ni ya kibinadamu na inastahili majibu ya kweli kutoka kwa daktari. Jibu mojawapo ni kwamba wengi wanaofika mapema hawahitaji kuondolewa kibofu.

Mkojo wenye damu hupimwa kwa dakika chache katika kituo cha afya cha karibu. Saratani iliyoachwa hadi ivuke msuli hudai upasuaji wa saa nyingi na safari za mamia ya kilomita. Kwa mwananchi wa Kyela, Mbarali, Pawaga au Iringa mjini, uamuzi unaoweza kuokoa maisha yake haupo Dar es Salaam. Unafanyika siku ileile anapoona damu kwa mara ya kwanza.